Mgeni Aliyepewa Jembe

Punda wa Nyange aliniuma Jumatatu,
kwenye ule uchochoro wa Mkomani
ambamo wawili wakikutana
mmoja hujibandika ukutani kama tangazo.
Mimi sikujibandika upesi.

Jumatano mkono ulikuwa umeumuka kama andazi.
Daktari Barke akaubonyeza, akaguna,
akaniandikia vidonge vya rangi mbili:
asubuhi kimoja, usiku kimoja, siku saba,
chai iwe ya rangi, maziwa yangoje.
"Na usiviache njiani ukiona nafuu.
Nakujua, mwalimu."

Leo siku ya tano. Usaha umekauka,
ngozi inawasha, yaani inapona.
Lakini ngazi ya nyumba hii, vidato thelathini na kimoja
ambavyo huvipanda na ndoo na mkoba,
leo nimevipumzikia mara tatu,
nikihesabu boriti.

Niko darini na karatasi za kidato cha tatu.
Swali la nne: Mitokondria ni nini? Alama mbili.
"Jiko la seli," wameandika thelathini na wanane,
kama nilivyowakaririsha.
Wa thelathini na tisa, Swabra Lali, ameandika:
"Ni mgeni. Alikuja zamani sana, akiwa bakteria.
Akamezwa, hakusagika.
Siku ya tatu akapewa jembe.
Mpaka leo analima."

Kalamu nyekundu imesimama hewani.

Kwa sababu kidonge nilichomeza asubuhi, Swabra,
kimetumwa kutafuta bakteria
na hakina orodha ya majina.
Kinachojua ni cherehani,
ile inayoshona protini uzi kwa uzi.
Kikiiona, hutia kijiti, sindano ikakwama.
Na huyu mgeni wetu,
aliyebadili mavazi, akasahau kwao,
akaoa, akazikwa, akazaliwa ndani yetu,
bado anashonea cherehani ya ukoo.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha.
Hili linanijua nusu.

Nazo seli nyeupe, zinazokimbilia jeraha
na kummeza adui na viatu vyake,
nazo hula jasho la mgeni huyo huyo.
Shamba lisipolimwa, mlinzi atakimbia na nini?
Nimesoma kwamba maabarani, kwenye vioo na kwenye panya,
baadhi ya dawa huwapunguza walinzi pumzi,
wakamfikia adui wakihema.
Kwa binadamu? Wameandika "huenda",
wakaliweka neno hilo kama jiwe
juu ya karatasi siku ya kaskazi.

Nami sitaliondoa.
Huenda uchovu huu ni dawa. Huenda ni homa iliyopita,
au joto la Machi,
au karatasi thelathini na nane zinazosema jiko, jiko, jiko.

Ninalolijua kwa yakini ni msumari.
Bibi yangu Mwanasiti alimzika kaka yake, Famau,
kwa msumari mmoja wa mlango,
kidole tu, wiki moja tu,
kabla vidonge hivi havijavuka maji kuja kisiwani.
Alikuwa na miaka kumi na tisa, aliweza kubeba gunia la chokaa kila bega.
Walinzi wake walikuwa na pumzi tele.
Hawakutosha.

Kwa hiyo sitakitukana kidonge,
wala sitakimeza kama njugu kila nikipiga chafya,
kama wafanyavyo walimu wenzangu, majina ninayo.

Nimempa Swabra alama mbili.
Pembeni nimeandika: "Nani alimpa jembe?"
Kisha nikaifuta. Kisha nikaiandika tena.

Adhana ya Isha imekwisha.
Nimejaza kikombe maji mpaka pomoni,
nimemwambia mkulima wangu wa ndani, samahani,
si wewe wanayekutafuta, inamisha kichwa,
vimebaki vinne baada ya hiki.

Kule chini punda wa Nyange analia
kana kwamba ndiye aliyeumwa.